Vyuo vya Mbeya na Iringa: miti inapandwa Juni, wanafunzi wanaondoka Julai. Nani anamwagilia?

Habari za wakati huu wakuu. Uzi ni mrefu, asiye na bando la kutosha aweke alama arudi usiku.

Nipo kwenye klabu ya mazingira ya chuo kimoja hapa Mbeya tangu mwaka wa kwanza (sikitaji, na mkikitambua kaeni kimya). Sasa namaliza, kwa hiyo naweza kusema bila kuogopa kuitwa ofisini. Kwa muda wote huu nimeongea na wenzetu wa vyuo vingine vya hapa mjini na vya Iringa, na karibu klabu zote zinakwama pale pale. Watu wanadhani tatizo ni uvivu wa wanafunzi au ubahili wa menejimenti. Mimi naona tatizo ni kalenda.

Mvua ya Nyanda za Juu Kusini ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba, ikichelewa Desemba, inakwenda mpaka Aprili, Mei mwanzoni imekata. Baada ya hapo ni baridi na kiangazi mpaka Oktoba. Sisi hatuna vuli na masika kama watu wa Tanga au Moshi. Sasa chukua kalenda ya chuo uiweke juu yake. Mwaka wa masomo unafunguliwa Oktoba mwishoni au Novemba. Mvua ndiyo hiyo inaanza, lakini watu wako kwenye foleni ya usajili, bumu halijatoka, na waliokuwa viongozi wa klabu wameshahitimu. Uchaguzi unafanyika muhula wa kwanza ukielekea mwisho. Fedha kutoka serikali ya wanafunzi zinatoka muhula wa pili, zikitoka. Basi shughuli kubwa ya kwanza inayoangukia mikononi mwa uongozi mpya ni Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni.

Tarehe 5 Juni ardhi ya Mbeya imeshakauka kama tofali. Mgeni rasmi anakuja, fulana zinagawiwa, miche inashushwa kwenye gari, kila mtu anapewa shimo lake. Mche unaingia, maji kidogo ya chupa yanamwagwa mbele ya kamera, makofi. Baada ya hapo ni mitihani, kisha fildi na likizo ndefu. Julai ikiisha chuo kimebaki na walinzi, wapishi wachache na mbuzi wa majirani. Ukirudi Novemba unakuta vijiti, na pembeni kibao cha bati chenye jina la mgeni rasmi, rangi haijachuja hata kidogo.

Na tusiseme ni Juni tu. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, na kwa huku hiyo nayo iko mkiani mwa mvua. Mche uliopandwa Aprili unapata wiki chache tu za maji kabla mbingu hazijafungwa, mizizi haijafika popote. Sizilaumu tarehe zenyewe, zina maana yake kitaifa na kidunia. Lakini hakuna sheria inayosema klabu lazima ishike jembe siku hiyo hiyo. Tarehe 5 Juni inafaa sana kukagua miti iliyopandwa Desemba, kuipalilia, kuiwekea matandazo na kusafisha kinga ya moto. Shida ni kwamba palizi haitoki vizuri kwenye picha.

Moto nautaja makusudi. Wanaoijua Mbeya wanajua safu ya Loleza inavyowaka Agosti na Septemba, usiku unaona mstari mwekundu unapanda mlima. Vyuo vingi vya huku vina maeneo makubwa ya nyasi, na nyasi za Februari zinazofika kiunoni ndizo kuni za Septemba. Miche ikisalimika na kiu na mbuzi, inamalizwa na moto. Kinga moto ya mita chache kuzunguka eneo inatakiwa iwe imefyekwa kabla ya Juni kuisha, yaani wakati wanafunzi bado wapo. Hii ndiyo kazi pekee ya kiangazi ambayo kalenda yetu inaturuhusu kuifanya vizuri, na klabu nyingi hata haziifikirii.

Nini kimefanya kazi kwetu? Kwanza, tulipunguza. Badala ya kuomba miche mingi kwa ajili ya tukio, tuliomba michache na kuipanda Desemba, wiki ambayo mvua ilishika kweli. Pili, tulikaa na wale akina baba wa bustani. Hawa wameajiriwa, wapo mwaka mzima, na hakuna klabu iliyowahi kuwaita kwenye kikao. Mmoja wao ndiye aliyetufundisha mambo ya chupa: unachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, unatoboa kifuniko kwa msumari wa moto, tundu moja dogo tu, unakata kitako, unaichomeka kichwa chini karibu na shina. Ukiijaza maji yanashuka polepole na kufika kwenye mizizi, badala ya kutiririka juu ya udongo mgumu. Juu yake unaweka maranda au nyasi kavu, ila zisiguse shina. Mzee huyu anapita na ndoo mara mbili kwa wiki tu, na miche imevuka kiangazi. Tulikubaliana naye posho kutoka mfuko wa klabu, fedha ambazo zamani zilikuwa zinakwenda kwenye fulana. Kelele zilikuwa kubwa kuliko mnavyofikiri. Kuna watu wamejiunga na klabu kwa ajili ya fulana, tusidanganyane.

Tatu, wanafunzi wenyeji. Kila chuo kina watoto wa Uyole, Iyunga, Mwanjelwa, Ilomba, ambao likizo wako nyumbani, nauli ya bajaji tu. Hao ndio wanaofaa kuwa viongozi wa kitengo cha miti, hata kama hawajui kuongea jukwaani.

Kuhusu taka sina mengi. Katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 liliondoa rambo, lakini vile vifungashio laini vya chipsi na karanga bado vimejaa kwenye uzio wa hosteli. Tuliweka mapipa ya rangi tatu. Kwa wiki chache yalifanya kazi, halafu gari la taka likaja, likamwaga yote matatu kwenye kontena moja. Mwanafunzi aliyeona vile kwa macho yake hawezi tena kutenganisha kitu. Kabla hujanunua mapipa, uliza kwanza taka zinaondokaje.

La mwisho ni hita. Wa Dar hamtanielewa. Juni na Julai usiku joto la Mbeya linashuka chini ya nyuzi 10, na maji ya bomba asubuhi yanauma mifupa. Kila chumba kina hita ya kuchovya kwenye ndoo, na kila chuo kina tangazo la kuikataza. Nilikaa nikapiga hesabu: ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 12 hadi nyuzi 40 inakula kama yuniti 0.65 za umeme. Hosteli ya watu 400, kila mtu ndoo moja, ni yuniti 260 kwa siku, na hapo sijahesabu wanaosahau hita imechomekwa wakaenda kunywa chai. Kukataza hakujasaidia, watu wanachemsha usiku. Na miezi hiyo hiyo ya baridi ndiyo anga ya Mbeya iko wazi, jua linawaka kutwa. Mitambo ya kupasha maji kwa jua juu ya paa ingepunguza umeme mwingi kuliko mabango yote ya "zima taa" tuliyobandika. Tumeandika andiko, limefika kwenye kamati, lipo huko.

Wadau wa vyuo vya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, kwenu mnafanyaje miezi ya likizo? Nawasilisha.

---

Mstaafu wa Misitu:

Kijana umesema kweli tupu. Nimefanya kazi ya misitu Mufindi mpaka nimestaafu, niongeze kidogo.

Mashimo yachimbwe Oktoba, kabla ya mvua, upana na kina cha sentimita 45 hadi 60, udongo wa juu uwekwe upande wake na wa chini upande wake. Mvua ikianza usikimbilie kupanda siku ya kwanza. Subiri udongo ulowe kwenda chini kama futi moja, maana mvua ya kwanza huku inadanganya, inanyesha siku mbili halafu jua wiki mbili. Unaporudisha udongo, anza na ule wa juu wenye rutuba.

Kiriba kitolewe! Nimeona kwenye matukio ya wakubwa mche unafukiwa na plastiki yake, kwa sababu mgeni rasmi ana haraka na hakuna aliyempa wembe. Mizizi inajizungusha ndani ya kiriba, mti unadumaa. Na vile viriba vinavyotolewa vinaachwa vimetapakaa uwanjani. Siku ya mazingira, plastiki kila mahali. Mtu mmoja apewe gunia, kazi yake siku hiyo iwe viriba tu.

Jambo la pili ni aina ya mti. Vyuo vinapenda mikaratusi na misindano (paini) kwa kuwa inakua haraka. Shambani sawa, shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi limesimama kwa miti hiyo. Lakini kama chuo kina kijito au chemchemi, mikaratusi isisogee hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Hapo weka mivengi na mwiza, miti ya asili ambayo inakaa na maji bila ugomvi. Kwa kivuli cha barabarani mgrivea unatosha, na mringaringa ukipata sehemu yenye udongo mzuri.

---

Binti wa Kihesa:

Kamwene! Mimi ni Iringa, mwaka wa tatu. Kwetu kiangazi ni kikali kuliko Mbeya, kwa hiyo jumlisha yote aliyosema mleta mada kisha ongeza vumbi.

Nataka kugusa chupa. Klabu yetu ilianzisha mradi wa kukusanya chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo. Wazo zuri, kila mtu alisifu. Kumbe kulikuwa na mama anayepita hosteli kila asubuhi na mfuko wa salfeti, anaokota chupa hizo hizo, na ndiyo ada ya watoto wake. Sisi tukaweka mapipa yenye kufuli. Mama akaja akakaa pale kwenye ngazi akatuuliza, "Wanangu, mmenikosea nini mimi?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Tukabadilisha. Sasa mapipa ni yake, ufunguo anao yeye, sisi kazi yetu ni kuwaambia wenzetu chupa ziende humo zikiwa hazina mabaki ya soda. Klabu haipati senti, ila uwanja ni msafi kuliko tulipokuwa tunafanya wenyewe. Jamani, kabla ya kuanzisha mradi wowote wa taka angalieni kwanza nani tayari anaishi kwa hizo taka.

---

Mwaisa wa Ilomba:

Ndaga fijo kwa uzi. Ila mleta mada hujagusa jikoni. Kantini nyingi za vyuo bado zinapikia kuni, magogo yanashushwa na fuso mchana kweupe, halafu klabu ya mazingira inakula wali uliopikwa kwa magogo hayo ikitoka kupanda miti. Serikali ilishaelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Wanafunzi mnaweza kuibana menejimenti kwa hilo kuliko kuhesabu miche. Jengeni mtambo wa biogesi, mabaki ya chakula si yapo?

---

Fundi wa Biogesi:

@Mwaisa wa Ilomba biogesi ni nzuri lakini tusiuziane mbuzi kwenye gunia. Bakteria wanaotengeneza gesi wanapenda joto la nyuzi 30 na kitu. Likishuka chini ya 15 wanafanya kazi kwa kusuasua. Mtambo uliotoa gesi ya kutosha Februari utatoa kidogo sana Julai hapa Mbeya. Unajengwa chini ya ardhi, unafunikwa vizuri, na unaufanya mkubwa kuliko ule wa Dar kwa idadi ile ile ya watu. Halafu rudi kwenye hoja ya mleta mada: bakteria wanataka kulishwa kila siku. Chuo kikifungwa, nani anawalisha? Ukiuacha na njaa miezi mitatu unaanza upya na kinyesi cha ng'ombe.

Gesi ya mitungi kwa kantini ndiyo njia fupi. Biogesi iwe ya nyongeza, na iwekwe kwenye chuo chenye ng'ombe au nguruwe wake.

---

Mchungulia Dirishani:

Mabaki ya kantini sisi yanachukuliwa na wafugaji wa nguruwe, ndoo zinatoka kila jioni bure. Hakuna taka ya chakula inayokwenda dampo. Tatizo liko wapi hapo?

---

Daktari wa Mifugo Tukuyu:

Tatizo ni homa ya nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika imeshapiga mikoa hii zaidi ya mara moja, haina tiba, na mabaki yenye vipande vya kitimoto yakipewa nguruwe bila kuchemshwa ni njia mojawapo ya kuusambaza. Mfugaji anaweza kuamka asubuhi hana hata mmoja. Binadamu haambukizwi, lakini umaskini wake unaambukiza ukoo mzima.

Mabaki yachemshwe kwanza. Na klabu iwasaidie kwa jambo dogo: vijiti vya meno, mifuko na vifuniko vya soda visiingie kwenye ndoo. Nimewahi kupasua nguruwe nikakuta mpira wa plastiki tumboni ukubwa wa ngumi.

---

Mkosoaji Huru:

Sawa, lakini mnapoteza muda. Mto Ruaha Mkuu unakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu miaka ya 1990 kwa sababu ya kilimo cha umwagiliaji na mifugo kule Usangu. Hapo ndipo penye mazingira. Nyie mnabishana kuhusu chupa iliyotobolewa kifuniko. Wanafunzi wa chuo kikuu fanyeni tafiti, acheni kazi ya bustani.

---

Mleta mada:

@Mkosoaji Huru mkuu, Usangu naijua, nyumbani ni Mbarali, na mgogoro wa maji ya mashamba ya mpunga nimekua nao. Ndiyo maana sitaki mtu aliyeshindwa kutunza miche kwenye uwanja wenye bomba aende akamfundishe mkulima wa Ubaruku kufunga banio (lango la kuchepushia maji ya mto shambani) usiku. Tafiti zifanyike, naunga mkono. Hata hapa chuoni zinatakiwa. Hakuna anayejua miti mingapi iliyopandwa imebaki hai, kwa sababu kinachoandikwa kwenye ripoti ni iliyopandwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akichukua hiyo kama mada ya utafiti wake, akahesabu mti kwa mti, aina kwa aina na mwezi wa kupandwa, atakuwa ametoa takwimu ambazo ofisi nyingi hazina.

@Binti wa Kihesa dada, hilo la mama na ufunguo nimelipeleka kwenye kundi letu la WhatsApp tayari, watu wamekaa kimya. Nadhani limewaingia.

@Mstaafu wa Misitu shikamoo mzee. Nimenakili vipimo vya mashimo. Swali: kwa parachichi za kubebeshwa, tunataka kuweka chache karibu na kantini, zinavumilia kiangazi cha kwanza kwa njia ya chupa au zinahitaji zaidi?

---

Mstaafu wa Misitu:

Marahaba. Parachichi ina mizizi ya juu juu, chupa moja haitoshi. Weka mbili au tatu kuzunguka kisahani (kile kibonde cha kushika maji kwenye shina), matandazo manene, na kivuli cha makuti au nyasi upande wa magharibi kwa mwaka wa kwanza. Sehemu yenye maji yanayotuama usiweke kabisa, mizizi itaoza. Na kama pale mlipo umande unaganda Julai, zifunikwe usiku zikiwa changa. Msizipande njiani, zitachumwa zikiwa saizi ya yai.

---

Mleta mada:

Nimekupata mzee. Kwa walioniuliza inboksi: uongozi mpya wa klabu tumekubaliana uchaguzi wao uwe Mei, ili wakae na wanaoondoka mpaka mitihani na waingie Oktoba wakiwa tayari wanajua bomba liko wapi na mzee wa bustani anaitwa nani. Katiba ya klabu imerekebishwa, imebaki sahihi ya mlezi. Mashimo yanachimbwa Oktoba na wenyeji wa mjini, wengine mtayakuta. Mwenye mawasiliano na kitalu chenye mivengi maeneo ya Uyole au Rungwe aniandikie, kwa sababu vitalu vingi nilivyopita vina misindano na parachichi tu.